Kisanduku cha BESA: mapitio ya kipimo cha lugha kwa watoto wanaozungumza Kihispania

Katika chumba ninachofanyia kazi ya tiba ya usemi na lugha, kwenye shule moja ya msingi nchini Marekani ambako watoto wengi huzungumza Kihispania wanaporudi nyumbani, kuna rafu yenye vipimo kadhaa vya lugha, na vingi kati ya hivyo ningeviacha vifunikwe na vumbi bila majuto. Kimoja kinatoka rafuni karibu kila wiki. Kinaitwa Bilingual English-Spanish Assessment, sisi tunakifupisha BESA, na kimetungwa na Elizabeth Peña, Vera Gutiérrez-Clellen, Aquiles Iglesias, Brian Goldstein na Lisa Bedore, watafiti waliotumia miaka mingi kuchunguza jinsi watoto wa lugha mbili wanavyojifunza kusema. Kinawahusu watoto wenye umri wa miaka 4 hadi miaka 6 na miezi 11. Nimekitumia vya kutosha kukipenda, na vya kutosha pia kujua mahali kinapoumiza.

Kipimo cha namna hii kina swali moja la kujibu: je, mtoto huyu ana tatizo la ukuaji wa lugha, au anaonekana kuchelewa kwa sababu lugha zake mbili zimegawana saa za siku yake? Tatizo la ukuaji wa lugha huwapata takriban watoto 7 katika kila 100, na halisababishwi na kusikia lugha mbili, ingawa bado wapo watu wanaowashauri wazazi waache Kihispania ili mtoto “asichanganyikiwe”. Mtoto mwenye tatizo hili huwa nalo katika lugha zake zote. Mtoto asiye nalo anaweza kuwa dhaifu sana katika lugha moja, kwa kuwa bado anajifunza, huku nyingine ikiwa imara. Kwa hiyo kumpima kwa lugha moja tu, hasa ile aliyoanza kuisikia mwaka jana, ni sawa na kupima uzito wa mtu aliyekanyaga mizani kwa mguu mmoja.

Hasara ya kufanya hivyo inajulikana tangu zamani. Mwaka 1970, katika kesi ya Diana dhidi ya Bodi ya Elimu ya Jimbo la California, familia za watoto tisa wenye asili ya Meksiko zililalamika kwamba watoto wao waliwekwa katika madarasa ya wenye ulemavu wa akili kwa sababu ya alama za vipimo vya akili vilivyotolewa kwa Kiingereza. Walipopimwa tena kwa Kihispania, wengi wao walivuka alama ya mpaka, ile ambayo chini yake mtoto huhesabiwa kuwa na ulemavu. Vile vilikuwa vipimo vya akili, wala havikuwa vya lugha, lakini somo lake liliingia katika sheria: IDEA, sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu, inataka mtoto apimwe bila ubaguzi wa rangi au utamaduni, kwa lugha na namna inayoelekea kuonyesha kwa usahihi anachokijua, isipokuwa pale ambapo ni wazi kwamba haiwezekani, na inakataza kipimo kimoja kuwa msingi pekee wa uamuzi. Sheria hiyo pia inakataza kumhesabu mtoto kuwa mlemavu ikiwa sababu kuu ni kwamba Kiingereza chake bado ni kidogo. Maneno hayo ni mazuri. Ugumu unaanza pale mtu anapofungua kisanduku na kukuta kipimo cha Kiingereza kilichogeuzwa neno kwa neno kuwa Kihispania.

Hapa ndipo BESA inapojitenga na vingine. Sehemu yake ya Kihispania haikutafsiriwa kutoka ile ya Kiingereza. Kila moja ilitungwa kwa kufuata mahali ambapo watoto wenye tatizo hujikwaa katika lugha husika. Katika Kiingereza, hujikwaa kwenye viambishi vya wakati na nafsi, ile -ed ya jana na ile -s ya nafsi ya tatu. Mtu akitafsiri maswali hayo atapata maswali mepesi mno, kwa sababu miisho ya vitenzi vya Kihispania inasikika wazi na hata watoto wenye tatizo huimudu kwa kiasi kikubwa. Kihispania huwaangusha kwingine: kwenye vibainishi vinavyotangulia nomino, kama “el” na “la”, kwenye viwakilishi vidogo vya mtendwa, na kwenye dhamira tegemezi.

Anayesema Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Tunaposema “karatasi, mama anaikata”, ile -i- iliyojibana ndani ya kitenzi inaibeba karatasi yote. Ukiidondosha, au ukatia -ki- mahali pake, msikilizaji anakunja uso. Kihispania kina neno dogo linalofanya kazi hiyo hiyo: “lo corta”, ambapo “lo” ndiyo ile karatasi, na kwa kuwa karatasi kwa Kihispania ni ya jinsi ya kiume, mtoto akisema “la corta” amekosea kama yule aliyetia -ki-. (Mifano hii ni yangu mwenyewe; maswali halisi ya kipimo hayapaswi kuanikwa hadharani.) Dhamira tegemezi nayo iko hivyo hivyo. Sisi husema “mama anataka mtoto ale”, na hakuna mtu mzima anayesema “mama anataka mtoto anakula”. Wao husema “quiere que coma”, na mtoto wa miaka sita anayeng’ang’ania “quiere que come” ananifanya nichukue kalamu. Kipimo kinachojua kwamba kosa hilo lina uzito, na kwamba kosa fulani la Kiingereza la mtoto huyo huyo huenda lisiwe na uzito wowote, kimetungwa na watu walioijua kazi yao.

Sehemu ya maana ya maneno ina uungwana ambao ningependa kuuona kila mahali. Mtoto anaruhusiwa kujibu kwa lugha yoyote kati ya mbili, hata kama swali limeulizwa kwa nyingine. Tuseme ameombwa ataje wanyama anaowajua, akataja watatu kwa Kihispania na wawili kwa Kiingereza: huyo ana wanyama watano. Vipimo vya mtindo wa zamani vingempa alama tatu upande mmoja na mbili upande mwingine, kisha vingemlinganisha, pande zote mbili, na mtoto wa lugha moja ambaye maneno yake yote yamekaa kwenye ghala moja. Utafiti uliofanyika Miami mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukiongozwa na Barbara Pearson, ulikwisha kuonyesha kwamba msamiati wa watoto wadogo wa lugha mbili ukihesabiwa kwa dhana, bila kujali neno limetoka lugha gani, pengo kati yao na wenzao wa lugha moja halionekani tena. Ilichukua muda mrefu kwa hesabu hiyo kuingia kwenye visanduku.

Kisha kuna hojaji ya wazazi na walimu, iitwayo BIOS, ambayo kwangu mimi ndiyo nusu ya thamani ya ununuzi wote. Inapita saa kwa saa: mtoto anaamka saa ngapi, yuko na nani, anasikia lugha gani, naye anajibu kwa lugha gani, siku za kazi na za mapumziko. Mama mmoja aliniambia kwa uhakika kwamba nyumbani kwao ni Kihispania tu. Tulipofika kwenye saa za alasiri alinyamaza, akahesabu kwa vidole, kisha akacheka: kuanzia anapotoka shule hadi chakula cha jioni, mwanawe yuko na dada zake wawili wakubwa, nao wanazungumza Kiingereza kuanzia mlangoni. Kihispania cha mtoto huyo kilikuwa cha asubuhi na cha wikiendi. Hakudanganya, na yule aliyeandika “Kihispania” kwenye fomu ya kuandikisha shule hakudanganya pia. Ila neno hilo moja kwenye fomu lingetosha kunifanya nimpime kwa lugha isiyo yake ya nguvu, nikijiona nimetenda haki. Hojaji ya pili, ITALK, inamwomba mzazi au mwalimu akadirie usemi wa mtoto kwa kipimo cha 1 hadi 5 katika kila lugha. Ni fupi, inasaidia, sina mengi ya kusema juu yake.

Alama zenyewe zinakokotolewa kwa kanuni ninayoiona kuwa moyo wa kipimo. Baada ya kumpima mtoto kwa lugha mbili, unachukua alama yake ya juu zaidi ya sarufi na alama yake ya juu zaidi ya maana, hata kama ya kwanza imetoka kwenye Kiingereza na ya pili kwenye Kihispania, na kwa hizo mbili unapata kielelezo cha lugha. Mantiki yake ni kwamba tatizo halisi halijifichi katika lugha moja. Ikiwa mtoto ameshuka hata mahali alipo na nguvu zaidi, hapo kuna jambo. Mwongozo unatoa alama za mpaka kwa kufuata umri, na waliolinganishwa naye ni watoto wa Marekani wanaoishi kati ya lugha hizo mbili kwa viwango tofauti.

Nililipima jambo hilo kwa kulinganisha na yanayojulikana kuhusu vipimo vingine. Kipimo cha CELF-4 Spanish, kilichotoka 2006, kimetumika sana kwa watoto wa shule. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliowahusu watoto zaidi ya 600 wa familia za kipato cha chini, wenye umri wa miaka 5 hadi 7, waliokuwa wakisoma katika shule za Kiingereza pekee. Kama kundi walipata alama za chini sana kuliko kundi la marejeleo la kipimo hicho, na mtu akifuata mpaka wa kawaida atawahesabu watoto wengi wazima kuwa wana tatizo. Sishangai. Mtoto ambaye shule yake haimpi Kihispania hata saa moja kwa siku hawezi kukuza Kihispania kama aliyesomeshwa nacho, na huko kupungua si ugonjwa.

Ninataka kukaa kidogo kwenye hesabu, kwa sababu ndiko wazazi na hata wakuu wa shule wanakopotezwa. Usahihi wa kipimo huelezwa kwa asilimia mbili: ni watoto wangapi wenye tatizo kinawakamata, na ni watoto wangapi wasio nalo kinawaachia. Tangu watafiti Plante na Vance walipoandika mwaka 1994, wengi wetu tumechukua asilimia 80 kuwa kiwango cha kuvumilika na 90 kuwa kizuri. Asilimia 80 inasikika kama alama ya ufaulu. Sasa chukua watoto 1,000, ambao 70 kati yao wana tatizo. Kipimo cha 80 kwa 80 kitawakamata 56 na kuwakosa 14. Lakini katika wale 930 wazima kitawanyoshea kidole 186. Ukiwapanga mstarini watoto wote 242 walioambiwa wana tatizo, chini ya robo ndio wanalo kweli. Ukipanda hadi 90 kwa 90, unawakamata 63 na kuwasingizia 93, na hata hapo waliosingiziwa ni wengi kuliko waliokamatwa kwa haki. Ni kweli kwamba hatumpimi kila mtoto wa shule. Tunawapima walioletwa na mwalimu au mzazi mwenye wasiwasi, na kati yao wenye tatizo ni wengi zaidi, hivyo hesabu inakuwa na huruma kidogo. Lakini mwalimu asiyejua Kihispania akileta kila mtoto aliye kimya, tumerudi kule kule kwenye watoto 1,000.

BESA, kwa takwimu za watunzi wake, inavuka asilimia 80 pande zote mbili. Hiyo ni sababu nzuri ya kuinunua, ila haitoshi kuyafunga majadiliano baada ya alama kutoka. Nimekaa kwenye vikao ambamo nambari moja ilisomwa, vichwa vikatikiswa, na karatasi zikaanza kusainiwa kabla mzazi hajatafsiriwa sentensi ya pili. Wilaya nyingine za shule zina mpaka mmoja kwa vipimo vyote, kwa mfano alama 78, kana kwamba vipimo vyote vilizaliwa na mama mmoja. Watafiti Spaulding, Plante na Farinella walipitia vipimo 43 mwaka 2006 wakaonyesha kwamba kwa vingi kati ya hivyo mpaka wa namna hiyo hauna msingi: katika baadhi, watoto wenye tatizo huelea juu kabisa ya alama hiyo. Mpaka wa BESA ni wa BESA, nao unabadilika kwa umri. Kuubadilisha kwa mpaka wa wilaya ni kununua saa nzuri kisha kuirekebisha kwa kufuata saa mbovu ya ukutani.

Nije kwenye lahaja, kwa kuwa hapa kipimo kizuri kinaweza kuharibiwa na mpimaji. Mtoto mwenye asili ya Puerto Rico, Cuba au Jamhuri ya Dominika hulainisha au hudondosha “s” ya mwisho wa silabi: “dos gatos” inasikika “do gato”. Masikio yaliyofundishwa kwa Kihispania cha Meksiko yataandika kosa la wingi na kosa la matamshi kwa pamoja. Goldstein na Iglesias walionyesha mwaka 2001 kwamba kutozingatia lahaja ya Puerto Rico hubadilisha kabisa picha ya nani ana tatizo la matamshi na nani hana. Ni sawa na kumwandikia kosa mtoto wa Mombasa aliyesema “ndoo” akimwita mwenzake, kwa sababu mpimaji alikulia wanakosema “njoo”. Maneno nayo yana mitego yake. Niliwahi kupewa faili la mtoto aliyepimwa kwingine, kwa kipimo kingine, na pembezoni mwa picha ya tiara mpimaji alikuwa ameandika “chiringa”, akaweka alama ya sifuri na kiulizo. Chiringa ndilo neno la Puerto Rico. Mmeksiko angesema papalote, Mguatemala barrilete, Mkolombia cometa, Mchile volantín. Kiulizo kile kilinionyesha kwamba mpimaji alishuku. Sifuri ilionyesha kwamba hakuwa na wa kumuuliza.

BESA imezingatia lahaja kwa kiasi kikubwa na mwongozo wake unamkumbusha mpimaji azijue za mtoto aliye mbele yake. Hata hivyo inadai kitu ambacho shule nyingi hazina: mtu anayekijua Kihispania kwa undani. Mimi ninafanya nusu ya Kiingereza, na mwenzangu aliyelelewa kwa Kihispania anafanya nusu yake, siku tofauti, kisha tunakaa pamoja kwa saa nzima kubishana juu ya majibu machache. Panapokuwa na mtaalamu mmoja wa lugha moja na orodha ya watoto 60, sijui kisanduku hiki kitatumikaje bila kugeuzwa kuwa nusu kisanduku, na nusu ya BESA si BESA.

Kuna watoto wengine ambao kipimo hiki hakikutungwa kwa ajili yao, nao huletwa kwangu wakiwa na neno “Kihispania” kwenye faili. Hao ni watoto wa familia zilizotoka nyanda za juu za Guatemala au kusini mwa Meksiko, ambao lugha yao ya nyumbani ni Mam, K’iche’ au Mixteco, na Kihispania kwao ni lugha ya pili kama kilivyo Kiingereza. Ukiwapima kwa BESA watashuka pande zote mbili, na kanuni ya “lugha yenye nguvu zaidi” itawahukumu kwa lugha mbili ambazo hakuna hata moja iliyo na nguvu. Saa za BIOS zingeweza kuwaokoa, lakini hojaji inauliza juu ya Kiingereza na Kihispania, na mama aliyezoea lugha yake kudharauliwa haitaji bila kuulizwa. Siku hizi swali langu la kwanza ni: bibi anasema na mtoto kwa lugha gani?

Kasoro inayoniudhi zaidi ni umri. Kipimo kinafunga mlango siku mtoto anapotimiza miaka 7, umri ambao ndipo masomo ya kusoma na kuandika yanapoanza kuwafichua wengi. Msichana mmoja aliletwa kwangu mwezi mmoja baada ya siku yake ya kuzaliwa. Mwalimu wake alisema haelewi maelekezo. Mama yake alisema hata kwa Kihispania lazima umwambie mara mbili, jambo ambalo kaka zake hawakuwa nalo. Kwa kuwa BESA haikuwa ya kwake tena, tulifuata njia ya kupima, kufundisha, kisha kupima upya, ambayo Peña na wenzake ni miongoni mwa walioiendeleza kwa watoto wa lugha mbili. Tulimpa kitabu cha picha kisicho na maneno, akasimulia kwa Kihispania na siku nyingine kwa Kiingereza. Tulimfundisha katika vikao viwili jinsi ya kutaja mhusika, mahali, na sababu ya jambo kutokea. Katika vikao hivyo tulitazama zaidi namna anavyojifunza: alihitaji kuonyeshwa kila hatua upya, alichokipata Jumanne kilikuwa kimeyeyuka Alhamisi, na viwakilishi vya mtendwa viliendelea kudondoka katika kila sentensi ndefu. Watoto wasio na tatizo kwa kawaida huchukua mafundisho hayo haraka, hata kama hadithi yao ya kwanza ilikuwa fupi na yenye makosa.

Tuliandika ripoti ya kurasa sita isiyo na alama ya jumla hata moja, tukaambatanisha sentensi zake mwenyewe, za kabla na za baada. Kikaoni mtu mmoja aliuliza nambari iko ukurasa gani. Mwenzangu alifungua ukurasa wa nne, akamsomea mama zile sentensi kwa Kihispania, na mama akasema ndivyo hasa anavyozungumza nyumbani.